Ua wa Shangazi Ulipotiwa Simiti

Shangazi yangu alikuwa akiyapima maji kwa sabuni. Hakuonja. Alichota kata moja, akasugua kipande cha sabuni baina ya viganja vyake, akangoja. Povu likija upesi, jeupe, likapanda mpaka kwenye vifundo vya mikono, alisema, "Haya ni maji." Likigoma, alijipangusa mikono kwenye leso, akasema, "Huu ni mchuzi." Kwake yeye yote yatokayo ardhini yalikuwa ama maji ama mchuzi, na kisima chake, alhamdulillahi, kilikuwa na maji.

Alikuwa mfuaji wa kanzu na kofia katika mtaa wetu, hapa Malindi, upande wa mji wa kale. Wanaume walileta kanzu zao mwanzo wa wiki wakazichukua Alhamisi jioni, tayari kwa swala ya Ijumaa. Kanzu za arusi, za Idi, za maulidi, zote zilipita mikononi mwake. Kofia za vito, zile zilizodariziwa kwa mkono, alizifua kwa ncha za vidole, akazitia wanga mwepesi, akazivisha juu ya bakuli zikauke na umbo lake. Mumewe alikufa mapema, na mtoto wake wa pekee, binti, aliolewa Mtwapa. Binti huyo hakuchoka kumwita. "Mama, njoo ukae nasi, una shida gani ya kufua nguo za watu?" Shangazi alikuwa na jibu lake: "Mtwapa nije nikafanye nini, nikodolee macho magari?" Kisha, tukibaki wawili, aliniambia pole pole, "Mwanangu, mtu akila cha mkwewe, tonge lina mfupa."

Kisima kile ndicho kilichompa ubavu wa kusema hivyo. Pasipo maji yale hapana povu, pasipo povu hapana kazi, na pasipo kazi angekwenda kukaa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya mkwewe, asubiri kuitwa chakula. Sote tulilijua hilo, na yeye alilijua kutushinda.

Nyumba yake na yetu zilipakana, na kati yake palikuwa na ua mmoja wa mchanga mweupe. Kona moja mlimau, kona nyingine mwasmini, ya tatu kisima, na chini ya mlizamu, ule mfereji wa bati unaoshusha maji ya paa, palikuwa na shimo alilolichimba babu na kulijaza mawe ya matumbawe hadi juu. Mvua ikinyesha, maji ya mapaa yote mawili yaliingia shimoni humo, yakaguguma kidogo, yakatoweka. Ikikatika, ukitoka nje unakuta mchanga umelowa tu, hapana dimbwi hata la kuoga shomoro. Kila mwaka, kabla ya masika, tulikuwa na kazi tuliyoichukia kuliko zote: kuyatoa mawe yale moja moja, kuyaosha tope na majani yaliyooza, na kuyarudisha. Tuliiita kuosha mawe. Utotoni niliilia kazi hiyo machozi ya kweli. Nikiuliza kwa nini mawe yaoshwe kama sahani, nilijibiwa, "Ndivyo tulivyokuta."

Na hapo ndipo ninapowalaumu wazee wetu, Mungu awarehemu. Walituachia makatazo wakaondoka na sababu zake. Usitupe taka shimoni. Usizibe mlizamu. Usiache masika yakukute hujaosha mawe. Haya, kwa nini? Kimya. Jambo lisilo na sababu mtu hulishika mpaka siku anayochoka, na siku hiyo huliacha bila hata kugeuka nyuma.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini ndoa yangu ilivunjika nikarudi kwa baba. Mama yangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na nyumba ilikuwa kimya, nikawa nashinda uani kwa shangazi kumsaidia kazi. Nilikuwa na hasira siku hizo, sifichi. Shangazi alinitania kwamba nguo ninazozikamua mimi hukauka kabla hazijafika kambani. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, shangazi," naye aliitika, "Marahaba, mwanangu. Leo tunamkamua nani?" Nikacheka bila kutaka.

Adui yetu alikuwa mchanga. Ule ule mchanga mzuri wa uani. Upepo wa kaskazi ukivuma adhuhuri, ulichota vumbi ukalipaka kwenye kanzu mbichi, na kuku wa mtaa nao walipita chini ya kamba wakiparura kana kwamba wamelipwa. Kanzu iliyofuliwa, ikasuuzwa, ikatiwa buluu ya kuzidisha weupe, unaikuta ina madoa mpaka kifuani. Unaianua kambani, unaanza upya. Shangazi alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni, akiulaani mchanga ule kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, maana alikuwa mtu wa swala tano na sitaki kumharibia sifa.

"Ningepata simiti," alikuwa akisema. "Simiti tu, ua wote, kama sakafu ya msikiti. Dunia ningeidai nini tena?"

Baba aliyasikia. Baba yangu alikuwa ndugu yake mdogo, na mama yao alipofariki, shangazi ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni huku akitwanga. Kwa maneno baba alikuwa bahili wa kupindukia. Angeweza kula nawe mwezi mzima asikwambie kwamba chakula ni kitamu. Lakini alikuwa mwashi, na mapenzi yake aliyasema kwa mwiko. Siku hizo alikuwa akifanya kazi kwenye hoteli zilizokuwa zikijengwa Watamu, anaondoka alfajiri kwa baiskeli, anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kule alizoea sakafu pana, laini, zisizo na chembe. Akaanza kurudi na mfuko wa simiti leo, mfuko mwingine juma lijalo, akiipanga ukumbini bila kusema ni ya nini. Shangazi naye aliipita kila siku akijifanya haioni. Watu wawili wale, lo!

Siku ya kazi ilipofika, ua ulikuwa kama una arusi. Shangazi alipika mahamri na mbaazi tangu mapema. Baba alisawazisha mchanga, akamwaga kokoto, akazishindilia, akaanza kutandaza simiti kutoka ukutani kuelekea mlangoni. Mlimau ulikatwa, maana mizizi ingeipasua. Mwasmini nao ulikatwa. Shangazi alichukua maua ya mwisho akayatia nyweleni, akasema hata hivyo yalikuwa yakiangukia nguo. Kisha baba akafika kwenye shimo la mlizamu, akasimama.

"Dada," aliita. "Na hili?"

Shangazi alitoka jikoni akilamba kidole. Akalitazama. "Lifunike. Nani ataosha mawe kila mwaka? Mimi mgongo wangu ushasema basi, na huyu mwanao akiyaosha atayavunja kwa hasira."

Baba alisita. Nakumbuka alisita, maana alikuwa ameshika mwiko hewani na simiti ikadondokea kwenye mguu wake. "Maji ya paa yatakwenda wapi?"

"Yatakwenda yanakokwenda maji," alisema shangazi. "Yatoe nje, njiani. Tuyaweke ndani tuyafanyie nini, biashara?"

Tukacheka sote watatu. Baba akafunika shimo, akatengeneza mfereji mdogo upite chini ya ukuta mpaka kwenye kichochoro, akaendelea. Ilipokauka juu, aliing'arisha mpaka ukiiangalia kwa upande unaona kivuli chako. Shangazi alivua viatu, akatembea juu yake kutoka pembe hadi pembe. Kisha akaketi chini pale pale, akalia. Alimwambia baba, "Ndugu yangu, umenijengea ikulu." Baba akasema simiti bado ni mbichi, asikae sana. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote ya siku ile, na uso wake ulikuwa ukiwaka kwa furaha.

Basi mtaa mzima ukaja kutazama. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu akataka ua kama ule, yule naye akataka, na ndani ya miaka michache baba alikuwa ametia simiti karibu kila ua wa kichochoro chetu, na mashimo ya mlizamu yakafunikwa moja baada ya jingine. Watu waliona raha. Miguu safi, kuku hawana pa kuparua, na kuosha mawe kukasahauliwa hata na waliokuwa wakikulalamikia. Kanzu za shangazi zilikauka nyeupe, zikarudi kwa wenyewe nyeupe. Kwa misimu miwili au mitatu tulikuwa watu wenye bahati, wallahi.

Chini ya kichochoro, pale ardhi inapobonyea, aliishi jirani mmoja aliyetoka bara, Mgiriama, na mumewe aliyekuwa akifanya kazi Gongoni kwenye mashamba ya chumvi na kurudi mara moja moja. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na makuti, ua wao wa mchanga mtupu, na kisima kidogo pembeni kisicho na hata ukingo wa maana. Shangazi na yeye walikuwa wakipendana. Jirani akipika mihogo, sahani itapanda. Shangazi akikaanga samaki, sahani itashuka.

Masika ya kwanza baada ya nyua zetu kutiwa simiti, jirani huyo alikuja mbio mvua ikiwa bado inanyesha, amejitanda leso kichwani, imemng'ang'ania usoni.

"Mama, maji yenu yananiingilia nyumbani," alimwambia shangazi mlangoni. "Yamefika kitandani. Watoto wako juu ya meza."

Shangazi alikuwa akipiga pasi. Aliinua pasi ya makaa, akaitazama mvua, akasema, "Maji yetu? Jirani yangu, hayo ni maji ya Mungu. Mimi nayatia alama?"

Haikuwa kwa ubaya. Alidhani anatania. Lakini mimi nikaongeza yangu, kwamba akitaka tutamletea mtumbwi. Yule mama alitutazama mmoja mmoja, akageuka akaenda zake. Kesho yake tulimwona uani kwake na jembe. Alichimba mashimo mapana yasiyo na kina, akayaunganisha kwa mtaro kutoka pale maji yanapoingilia, akayajaza majani na takataka za shamba, akapanda migomba, na pembeni mihogo na miwa. Tulidhani ni ukulima tu. Kumbe alikuwa akiwaokoa watoto wake wasilale mezani. Masika yaliyofuata maji yalishuka kwake vile vile, yakaingia mashimoni, yakabaki humo, na migomba ikapanda juu kupita makuti ya nyumba. Lakini sahani ya mihogo haikupanda tena.

Na kisima cha shangazi kikaanza kubadilika.

Hakikubadilika kwa siku moja. Ingekuwa hivyo tungeshtuka. Kwanza povu likawa linachelewa. Shangazi akailaumu sabuni, akabadilisha sabuni. Kisha likawa linakuja na kuzimika, linaacha ukoko wa kijivu kwenye karai. Akawalaumu watengenezaji sabuni wote wa Mombasa. Kisha kanzu zikaanza kukauka ngumu, zina mistari ya manjano kwenye mikunjo, na kofia zilizotiwa wanga zikawa zinameta chembe ndogo ndogo ukizitazama juani. Wenye kanzu walikuwa na adabu zao. Walisema, "Shangazi, labda hii haikusuuzwa vizuri." Yeye alisuuza mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na maji aliyosuuzia ndiyo yaliyokuwa yakiacha chumvi.

Siku moja mimi, kwa mdomo wangu, nikachota kata nikaonja. "Shangazi," nilisema, "haya maji tuyapeleke Gongoni yakaanikwe." Nilitegemea acheke. Alinipokonya kata, akaonja mwenyewe, yeye ambaye hakuonja maji maisha yake yote. Akaiweka kata chini taratibu.

"Huu ni mchuzi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Baba akasema kisima kimejaa tope, akashuka kukisafisha. Haikusaidia. Akasema basi kina hakitoshi, maji matamu yako chini zaidi, akashuka tena na mtaimbo, akachimba jiwe kwa siku kadhaa huku mimi nikivuta ndoo za vifusi. Maji yakaja mengi, kweli. Yalikuwa ya chumvi kuliko ya kwanza. Siku hizi hata mtoto wa shule atakueleza: chini ya mji wetu maji ya bahari yamepenya kwenye jiwe, na maji matamu hukaa juu yake, tabaka jembamba, na tabaka hilo halina chakula ila mvua inayozama. Ukiikataza mvua kuzama, tabaka hukonda. Ukichimba zaidi, unaifuata bahari. Baba hakuyajua hayo. Kila alipomwona dada yake anaumia alifanya jambo, na kila alilofanya lilimwongezea.

Shangazi hakuacha kazi. Angeacha vipi? Alianza kutia magadi ndani ya maji ili sabuni itoe povu, leo kidogo, kesho zaidi. Povu lilikuja. Lakini magadi na chumvi kila siku kutwa si mchezo. Ngozi ya vidole vyake ilianza kubabuka, ikapasuka kwenye viungo, ikafunga, ikapasuka tena. Alipaka mafuta ya nazi, akafunga vitambaa, akafua na vitambaa vyake. Nilimwambia aniachie mimi kufua, yeye apige pasi. "Wewe utararua kanzu za watu," alisema. Vidole vikaanza kukunjamana. Asubuhi alihitaji muda kuvifungua.

Watu hawakosi maneno. Walisema ni jicho, kwamba ua ule ulisifiwa mno. Tukasomesha Kurani, tukachinja mbuzi, tukagawa sadaka. Halafu mtu akagundua kwamba kisima cha yule jirani wa chini, kisima kile kisicho na ukingo, maji yake ni matamu vile vile, bali yamezidi utamu. Hapo hadithi ikapata miguu. Ameyavuta. Watu wa bara wana dawa zao. Ameyavuta maji yetu akayatia kwake.

Nasikitika kusema kwamba shangazi, mtu niliyemwona kuwa na akili kuliko mtaa mzima, aliamini. Mtu akizama hushika hata mwiba. Alishuka mchana kweupe, mikono imefungwa vitambaa, nami nyuma yake, akasimama kwenye migomba ile akapaza sauti: "Jirani, nirudishie maji yangu!"

Yule mama alikuwa akichota. Aliiweka ndoo chini. Hakupaza sauti.

"Nilikuja kwako mvua ikinyesha," alisema, "nikakwambia maji yako yananijia. Ukaniambia ni ya Mungu. Basi Mulungu kaamua yakae huku. Ukiyataka, ndoo hii hapa, chota. Mimi sikunyimi."

Shangazi hakuchota. Laiti angechota. Nyumba yenyewe haikuwa mbali. Ningemchotea mimi kila asubuhi, angefua kwa maji yale mpaka leo. Lakini alikuwa ameshamwita mwenzake mchawi mbele ya watu, na sasa angewezaje kupokea ndoo mkononi mwake? Aligeuka akapanda kichochoro, akipangusa macho kwa vitambaa vya mikononi.

Masika yaliyofuata yalikuja na kishindo. Mchana mmoja baba hakuwa kazini, akasimama mlangoni kuitazama mvua. Nikaona anakunja suruali. Akatoka nje hivyo hivyo, nami nikamfuata nimejifunika nailoni, nikidhani amepatwa na kichaa. Maji yalikuwa yanatoka chini ya ukuta wa shangazi kupitia mfereji aliouchonga mwenyewe. Akayafuata. Kwenye kila nyumba mfereji mwingine ulitema mengine, na kila mmoja baba aliutazama, maana mifereji yote ilikuwa kazi ya mikono yake. Mpaka tunafika chini kichochoro kilikuwa mto. Maji yakapinda, yakaingia uani kwa yule jirani, yakajaza shimo la kwanza, la pili, yakazunguka migomba. Halafu yakatulia. Yakawa yanashuka ardhini mbele ya macho yetu, yanaguguma kidogo, sauti ile ile niliyoisikia utotoni chini ya mlizamu.

Baba alisimama pale mpaka mvua ikawa manyunyu. "Kweli maji yetu yako kwake," alisema. "Nimemletea mimi."

Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, akilowesha sakafu. Akamwambia atavunja simiti, kesho, atafungua shimo la babu. Nilidhani shangazi atafurahi. Alikaa kitandani, mikono yake imelala mapajani, akasema, "Hutavunja."

"Dada, mimi ndiye niliyekiua kisima chako."

"Hujaua kitu. Hiyo ni zawadi yangu, na zawadi haivunjwi. Watu watasema nini, kwamba ndugu yangu alinijengea msiba?" Baba alijaribu kusema, akamkata. "Nyamaza. Nimekwambia maji yanakwenda kwa amri ya Mungu. Ukigusa sakafu yangu kwa nyundo, mimi na wewe hatuongei."

Alikuwa anamwokoa. Nililielewa baadaye sana. Alijua baba akiivunja sakafu ile, kila pigo la nyundo litakuwa ushahidi dhidi yake mwenyewe, na hakutaka mtoto aliyembeba mgongoni ajipige hivyo. Naye baba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkatalia dada yake neno, akatii. Huo utiifu unaniuma mpaka leo. Tungeivunja siku ile, mikono yake labda ingepona. Badala yake tuliheshimiana mpaka tukachelewa.

Mwaka uliofuata hakuweza tena kushika pasi. Binti yake alikuja kutoka Mtwapa, akafunga vitu vyake kwenye mkeka na sanduku. Shangazi hakubisha. Alimwachia baba ufunguo, akaniachia mimi bakuli za kuvishia kofia, akapita kwenye ua wake wa simiti bila kutazama chini. Tulimsindikiza stendi, na kwenye gari alikaa dirishani. Nilimwambia, "Haya shangazi, kakodolee macho magari," nikijaribu kumchekesha. Alitabasamu kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyonivunja. Nililia njia nzima mpaka nyumbani.

Baba aliivunja sakafu juma lile lile. Wapita njia walimshangaa: mtu mzima, mwashi, anavunja simiti nzuri! Mawe ya babu yalikuwa chini palepale, yamegandana kwa tope. Tukayatoa, tukayaosha, mimi na yeye, moja moja, na sikulalamika. Kisha akashuka kwa yule jirani wa bara, akakaa mlangoni kwake akasema alilokuja kusema, akarudi na vichipukizi vya migomba begani. Akaenda nyumba hadi nyumba kwa wale aliowatilia simiti. Wengine wakamruhusu kufungua shimo tu, wengine wakamcheka. Hakubishana na mtu.

Haikuwa kazi ya masika mamoja wala mawili. Lakini Idi moja, mwishoni mwa miaka ile, shangazi alikuja kututembelea. Baba hakungoja hata amalize chai. Alichota ndoo kisimani, akaiweka miguuni pake, akatoa mfukoni kipande cha sabuni. Ua ulikuwa mchanga tena, na mlimau mpya umefika kiunoni.

Shangazi aliitazama sabuni. Akanipa mimi. "Sugua wewe."

Nikasugua. Povu likaja upesi, jeupe, likapanda mpaka kwenye vifundo vyangu. Baba alikuwa ameuma mdomo.

"Haya ni maji," alisema shangazi.

"Basi rudi nyumbani, dada," alisema baba. Sijawahi kumsikia akiomba kitu ila siku ile.

Akainua mikono yake akamwonyesha. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani kama ameshika kitu, na havikufunguka. "Maji yamerudi, ndugu yangu," alisema. "Mikono ndiyo haikurudi."

Baba akaingia ndani, akatoka amevua kanzu yake ya Idi, akanipa. Nikaifua mbele yao. Shangazi alinielekeza: usikamue hivyo, buluu imetosha, suuza tena. Nikaianika. Kikapita kiupepo, kikachota mchanga wa uani kikaupaka kwenye pindo la kanzu ile mbichi, nyeupe. Nilimtazama shangazi, nikingoja ayaseme yale maneno yake. Akanisogezea ndoo kwa mguu. Nikaianua kambani, nikaanza upya.